Mafunzo ya Uuguzi na Mafunzo ya Muziki: Shauri kwa Wazazi na Vijana wa Bariadi

Kila mwaka, pamba inapokwisha kuchumwa na mizani ya vyama vya ushirika inapoanza kupima, katika Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega huwa ni majira ya mambo mawili. La kwanza ni ngoma, kwa maana kazi ya shamba imepungua na watu wana nafasi ya kucheza. La pili ni shauri la nyumbani juu ya fedha: kiasi gani kiende kwenye ng'ombe, kiasi gani kwenye mabati, na kiasi gani kwenye karo ya mtoto aliyemaliza kidato cha nne. Leo twapenda kusema juu ya shauri hili la karo, kwa sababu kosa lake hulipwa kwa miaka mingi. Ng'ombe aliyenunuliwa vibaya aweza kuuzwa tena. Miaka ya kijana iliyopotea katika chuo kisichomfaa haina mnunuzi.

Tumechagua mafunzo mawili, ya uuguzi na ya muziki. Wako watakaostaajabu kuyaona yamewekwa pamoja. Wazazi wengi humsifu mtoto atakaye uuguzi na humkaripia atakaye muziki, wakisema kwamba ule ni kazi na huu ni mchezo. Nao wako vijana wasemao kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake na ya kutumwatumwa, na kwamba muziki hauhitaji chuo kwa kuwa mtu huzaliwa nao. Maneno hayo yote si ya kweli, nasi tutaeleza sababu zake.

Ya kale

Kwanza tukumbuke ya kale. Wasukuma wanazo pande mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, ambazo hushindana baada ya mavuno, na ushindi ni wa upande uvutao watu wengi zaidi. Yasimuliwa kwamba pande hizo zilianza katika karne ya 19 kwa watu wawili, Ngika na Gumha, nao hawakuwa wachezaji tu, bali walikuwa waganga walioshindana kwa dawa na kwa ngoma pia. Kadhalika chama cha Bayeye, washikao nyoka, kilikuwa shule ya tiba na shule ya nyimbo kwa wakati mmoja. Kijana aliyetaka kuingia alimfuata mkubwa wake, akabeba mizigo yake, akatazama, akasikiliza, akajaribu, akakosolewa, mpaka siku aliporuhusiwa kufanya mwenyewe.

Hatusemi kwamba dawa zile zote zilifaa. Aliyeumwa na nyoka leo yampasa kufikishwa hospitali upesi, wala asicheleweshwe njiani na mtu yeyote. Twasema tu kwamba wazee wa Usukuma hawakuona ajabu mtu mmoja kujua kuponya na kujua kuimba, wala hawakudhani kwamba moja kati ya hayo hupatikana pasipo mafunzo. Atakaye kuona alama za mambo hayo, na apite Bujora, karibu na Kisesa, katika njia itokayo Lamadi kwenda Mwanza. Huko liko jumba la makumbusho ya Wasukuma, kazi iliyoanzishwa na Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada, miaka ya 1950. Nayo ngoma za kale zimehifadhiwa humo.

Mwuguzi hufundishwa nini

Chuo cha uuguzi hakimfundishi mtu kufunga vidonda na kutandika vitanda tu. Mwanafunzi husoma jinsi mwili ulivyoumbwa na unavyofanya kazi, magonjwa na dalili zake, dawa na vipimo vyake, ukunga, malezi ya watoto wachanga, magonjwa ya akili, na afya ya jamii. Tena sehemu kubwa ya mafunzo haifanyiki darasani, bali wodini, chini ya macho ya wauguzi wenye ujuzi.

Tutoe mfano mmoja ili msomaji aone kwa nini hesabu zatakiwa. Mtoto mwenye uzito wa kilo 12 ana homa, na mganga ameandika apewe parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Mwuguzi huzidisha 12 kwa 15, akapata miligramu 180. Lakini dawa iliyomo katika chupa ni ya maji, na kila mililita 5 zina miligramu 120. Basi hugawanya na kuzidisha tena, akapata mililita 7 na nusu. Asiyejua hesabu hizo ama atampa mtoto pungufu na homa isishuke, ama atampa kupita kiasi na kumdhuru ini. Na hesabu hiyo yaweza kufanywa saa nane ya usiku, katika mwanga hafifu, huku mama mtu akilia.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mama akiisha kujifungua, hatari kubwa kwake ni kutokwa na damu nyingi. Kwa muda mrefu waganga wamehesabu kwamba damu ikizidi mililita 500, yaani nusu lita, ni jambo la kushughulikiwa mara moja. Lakini damu huingia katika nguo na mashuka, na macho hudanganyika. Aidha mwili wa mama mwenye afya huficha hasara yake: kipimo cha shinikizo la damu chaweza kubaki vilevile kwa muda, hali moyo umekwisha kuanza kwenda mbio. Mapigo ndiyo hutangulia kusema. Kwa kawaida moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Mwuguzi aliyefundishwa humshika mama mkono kila baada ya dakika 15 katika saa za kwanza, akahesabu, akaandika. Akiona 84, kisha 98, kisha 116, hangoji mama azimie. Hukanda tumbo la uzazi ili likaze, hutoa dawa iliyoamriwa, na huita msaada. Asiyehesabu atajua habari hiyo wakati mama amekwisha kuwa baridi.

Hiyo ndiyo sababu twakataa neno lile kwamba mwuguzi ni mtu wa kutumwa. Mganga hupita wodini na kuondoka, mwuguzi hubaki. Florence Nightingale, aliyefungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London, mwaka wa 1860, alijulikana kwa huruma yake, lakini silaha yake kubwa ilikuwa daftari la hesabu za wagonjwa na vifo. Wala neno kwamba kazi hii ni ya wanawake peke yao halina msingi. Wanaume wengi wa Tanzania ni wauguzi, na katika zahanati za vijijini mara nyingi ndio wapokeao wagonjwa.

Njia ya kuingia

Atakaye kusomea uuguzi na ukunga katika ngazi ya cheti na stashahada hutakiwa kuwa amefaulu mtihani wa kidato cha nne katika masomo yasiyopungua 4, yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kufaulu Hisabati na Kiingereza humwongezea nafasi. Mafunzo huenda kwa ngazi, ya 4, ya 5 na ya 6, na amalizaye miaka 3 hupata stashahada. Shahada ya chuo kikuu huchukua miaka 4, kisha mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi. Akiisha kumaliza, hana ruhusa ya kuwahudumia wagonjwa mpaka asajiliwe na apate leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Kwa watu wa Simiyu mafunzo hayo hayako mbali. Kolandoto, mkoani Shinyanga, ambako wamisheni wa Africa Inland walianza kazi ya kutibu watu mwaka wa 1913, kuna chuo cha sayansi za afya. Mwanza iko hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka wa 1971, na kando yake chuo kikuu cha afya kilichoanza mwaka wa 2003, ambacho hutoa shahada ya uuguzi.

Mwanamuziki hufundishwa nini

Sasa tugeukie muziki. Ni kweli kwamba sauti nzuri ni zawadi. Lakini shamba zuri nalo ni zawadi, na hakuna aliyevuna kwa kulitazama tu. Chuo cha muziki humfundisha mtu mambo ambayo kipaji peke yake hakimpi: kusoma na kuandika muziki, kuzoeza sikio litofautishe sauti zilizo karibu, kupiga ala moja vizuri na nyingine kwa kiasi, kutunga, kuongoza kwaya, kujua ngoma za makabila mengine na za nchi nyingine, kurekodi nyimbo kwa mitambo, na kuwafundisha wengine.

Kuandika muziki kuna faida gani? Mwenye wimbo kichwani aweza kuwafundisha tu wale walio mbele yake, naye akifa, wimbo hufa au hubadilika. Aliyeuandika, kwaya ya Meatu yaweza kuuimba hali haijapata kumwona. Kwaya nyingi za Tanzania hutumia herufi za do, re, mi, utaratibu uliosambazwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, akiiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover. Mtu wa kijijini mwenye karatasi moja na kalamu aweza kuutumia pasipo kinanda. Kadhalika nyimbo za kazi za Wasukuma, zilizokuwa zikiimbwa majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja, nyingi zimehifadhiwa kwa kuandikwa. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Frank Gunderson, alitoa kitabu kikubwa juu yake mwaka wa 2010. Twamshukuru, lakini twauliza, je, si vema kazi kama hiyo ifanywe pia na mtoto wa Itilima aliyezisikia kwa bibi yake?

Mahali pa kujifunza pako. Bagamoyo kilianzishwa Chuo cha Sanaa mwaka wa 1981, ambacho tangu 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Humo hufundishwa muziki, ngoma, maigizo na sanaa za mikono. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha sanaa hizo kwa shahada, na chuo kikuu cha Makumira, karibu na Arusha, hutoa shahada ya muziki. Unguja kiko chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kijulikanacho sana kwa taarabu. Karibu zaidi, Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kwa miaka mingi kimejulikana kwa kuwaandaa walimu wa muziki na sanaa.

Kazi mbili zenye sikio moja

Tulisema kwamba tutaeleza kwa nini tumeziweka kazi hizi pamoja. Sababu ni hii: zote mbili ni kazi za kusikiliza na kuhesabu, na zote mbili hazijulikani kwa kusoma kitabu bali kwa mazoezi yarudiwayo.

Mfaransa René Laennec, aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua mwaka wa 1816, alikuwa mpiga filimbi hodari na fundi wa kuchonga mti. Chombo chake cha kwanza kilikuwa karatasi iliyoviringishwa. Baadaye alikichonga kwa mti, mfano wa filimbi. Na kile chombo ambacho wakunga wetu hukiweka juu ya tumbo la mama ili kusikiliza moyo wa mtoto, chenye umbo la tarumbeta ndogo, ni kazi ya Mfaransa mwingine, Adolphe Pinard, mwishoni mwa karne hiyohiyo. Mkunga huweka sikio, akahesabu: moyo wa mtoto tumboni hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Ukipungua au kuzidi, ni ishara. Sikio lililozoea kutofautisha mwendo wa ngoma halikosi kufaidika hapo.

Yuko pia Albert Schweitzer, aliyekuwa bingwa wa kinanda cha kanisani kule Ulaya. Alipokuwa mtu mzima alisomea uganga, na mkewe Helene akajifunza uuguzi, nao mwaka wa 1913 wakaenda Lambaréné, nchini Gaboni, kutibu watu. Kwa miaka mingi Schweitzer alirudi Ulaya kupiga kinanda mbele ya watu, na fedha zilizopatikana zikasaidia hospitali.

Lakini mfano ulio karibu nasi ndio mkubwa zaidi. Katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Geita, Tabora na Manyara, hospitali na vituo 30 vilifanya mpango wa uzazi salama, na habari zake zilitangazwa mwaka wa 2025. Wauguzi na wakunga hawakupelekwa mjini kwa semina ndefu. Walifanya mazoezi mafupi, mara kwa mara, palepale kazini, kwa mtoto wa bandia, wakijizoeza kumsaidia mtoto asiyepumua mara azaliwapo, ndani ya dakika ya kwanza; nao walipewa vyombo bora vya kusikilizia moyo wa mtoto na vya kumpulizia hewa. Vifo vya watoto wachanga wa siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 40, na vya akina mama kwa kiasi cha asilimia 75. Mwongoza kwaya yeyote atalitambua jambo hili. Kwaya haiwi nzuri kwa kukutana mara moja kwa mwaka siku nzima. Huwa nzuri kwa kukutana jioni nyingi, saa moja moja, na kurudia pale palipokosewa.

Maonyo yetu

Basi mzazi afanye nini? Twatoa mashauri manne.

La kwanza, shauri lianze mapema. Mtoto atakaye uuguzi akiacha Fizikia na Kemia aingiapo kidato cha tatu kwa kuwa ni ngumu, amefunga mlango kwa mkono wake, na karo yoyote haitaufungua. Aulizwe akiwa kidato cha pili, si baada ya matokeo.

La pili, chuo kichunguzwe kabla ya fedha kutoka mkononi. Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi hutangaza vyuo vilivyosajiliwa na masomo yaliyoruhusiwa katika kila kimoja. Jina la chuo likikosekana, au chuo kipo lakini somo hilo halipo, karo isilipwe hata kama jengo ni zuri na maneno ni matamu. Cheti cha chuo kisichosajiliwa hakimpi mtu leseni ya uuguzi.

La tatu, mzazi asiogope karo kabla ya kuuliza. Tangu mwaka wa masomo wa 2023/24 Serikali imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika masomo fulani yanayohitajiwa sana, nayo ya afya yamo. Mkopo ni deni na lazima ulipwe; lakini deni la ujuzi si sawa na deni la harusi.

La nne, asidanganywe mtu juu ya kazi. Mwuguzi aweza kungoja ajira ya Serikali kwa muda baada ya kumaliza. Mwanamuziki naye hatapewa mshahara kwa kuwa ana shahada: atakula kwa kufundisha, kwa kuongoza kwaya, kwa kurekodi, kwa kupiga katika sherehe, na kwa haki ya nyimbo zake akizisajili katika Ofisi ya Hakimiliki, maana sheria ya mwaka 1999 yamlinda mtungaji. Kijana asiyependa kazi yenyewe hatastahimili kungoja huko.

Kwa hiyo twawasihi wazazi, kabla ya kusema ndiyo au hapana, wamtazame mtoto wao. Je, ni yule aamkaye usiku kumpa maji mgonjwa wa nyumbani pasipo kuambiwa? Ama ni yule akaaye kando ya wapiga ngoma mpaka mwisho, akitazama mikono yao wakati wenzake wanatazama wachezaji? Tabia hizo mbili huonekana mapema, na hakuna karo inayoweza kuzinunua. Wala mtoto hakatazwi kuwa na zote mbili. Mama wajawazito wakaao kwenye mabenchi ya kliniki hushika mafundisho ya lishe na ya chanjo upesi zaidi yakiwa katika wimbo, na mwuguzi ajuaye kutunga ana chombo ambacho bohari ya dawa haitoi.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Pamba ya mwaka huu itauzwa na fedha yake itakwisha, kwa njia moja au nyingine. Ikimfikisha mtoto mahali panapomfaa, haitakuwa imekwisha. Siku moja mama fulani wa Bariadi atajifungua usiku, na mkono utakaomshika na kuhesabu mapigo yake utakuwa mkono wa mtoto wa jirani.